Faragha Baada ya Ukatili wa Kingono: Jinsi Tiba Inavyofanyika, Hatua kwa Hatua

Mtu aliyefanyiwa ukatili wa kingono anaweza kurudi kazini, akacheka na majirani, akaoa au akaolewa, na kwa macho ya watu akawa amepona kabisa. Kisha usiku mmoja mwenza wake anamgusa bega akiwa nusu usingizini, na mwili mzima unaganda. Tatizo hili, la mwili kuikataa faragha, yaani mguso na tendo la ndoa, lina tiba. Haifahamiki sana kwetu kwa sababu mambo ya chumbani husemwa kwa mafumbo, na kwa sababu wengi wanaothubutu kuomba msaada huambiwa wavumilie, waombe dua, au wajilazimishe mpaka wazoee. Mwongozo huu umeandikwa kwa manusura aliye mtu mzima, mwanamke au mwanamume, na kwa mwenza wake, ili wajue tiba huanzia wapi, hupitia wapi, na ni mambo gani wayakatae hata kama yanasemwa na mtu mwenye koti jeupe.

Lengo la tiba hii ni kumrudishia manusura hiari juu ya mwili wake mwenyewe, na tendo la ndoa hufuata hapo kwa wakati wake. Mshauri anayeanza kwa kuuliza "utakuwa tayari lini?" ameshika mkia wa jambo. Aliyenyang'anywa uwezo wa kusema hapana hana ndiyo yenye uzito mpaka hapana yake isikilizwe tena, mara nyingi, tena katika mambo madogo kabisa. Karibu kila hatua iliyoelezwa hapa chini ni njia ya kulitimiza hilo.

Mwili unafanya nini

Hatari inapotokea ghafla, mwili huamua kabla akili ya kufikiri haijapata nafasi: hupigana, hukimbia, au huganda. Wengi katika ukatili wa kingono huganda, sauti haitoki, mikono haiinuki, na baadaye swali la "mbona sikupiga kelele?" huwatafuna kwa miaka. Kuganda ni kinga ya mwili, kama vile kope zinavyofumba vumbi linapokuja, wala si kukubali. Tukio lenyewe halihifadhiwi kama hadithi yenye mwanzo na mwisho. Hubaki vipande: harufu ya pombe, uzito wa mwili juu ya kifua, komeo la mlango likifungwa, giza, mlio wa mkanda wa suruali. Miaka kumi baadaye kipande kimoja tu kikijitokeza, mwili hujibu kana kwamba tukio linatokea sasa. Katika mwongozo huu vipande hivyo nitaviita vikumbusho.

Namna tatizo linavyojionyesha si moja. Wako wanaokwepa: hujichelewesha jikoni, humlaza mtoto katikati ya kitanda, huumwa kichwa kila Ijumaa. Wako wanaokubali kila wanapoombwa, lakini tendo likianza wao huondoka. Mwili uko kitandani, mwenyewe yuko darini akitazama. Wengine hupata maumivu makali kwa sababu misuli ya nyonga hujikaza yenyewe, bila amri yao. Wanaume hupata matatizo ya kusimamisha au ya kufika kileleni, na mara nyingi huyabeba kimya kwa kuwa hawana hata jina la kuliita jambo lililowapata. Kwa wanaume na wanawake pia ipo aibu moja inayofichwa kuliko zote: kwamba wakati wa ukatili mwili ulionyesha dalili za ashiki. Jambo hilo hutokea, na ni mwitikio wa neva tu, sawa na machozi yanayotoka mtu akikata kitunguu. Haligeuzi ukatili kuwa kitu kingine. Mara nyingi mtu akilisikia hili kutoka kwa mtaalamu kwa mara ya kwanza, mzigo mkubwa hutua siku hiyohiyo.

Hapa pwani yako maelezo mengine. Mwanamke asiyetaka kuguswa na mumewe, anayeamka usiku akihisi kitu kimemkandamiza kifuani, huambiwa ana jini mahaba, kisha husomewa, hufushwa na kunyweshwa kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya dua. Sina nia ya kubishana na imani ya mtu, na dua huwatuliza wengi kwa kweli. Ninachoomba ni kwamba mtu asipelekwe kwa mganga mwanamume wa kujifungia naye chumbani peke yao, na kwamba dua isiwe sababu ya kutokwenda hospitali. Kuamka na kushindwa kujongea ni hali inayojulikana vizuri katika elimu ya usingizi, na huwapata zaidi watu wenye hofu na usingizi uliokatikakatika.

Anza na mwili, na usalama

Ikiwa tukio limetokea ndani ya saa 72 zilizopita, nenda hospitali leo kabla ya kuendelea kusoma. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzishwa ndani ya saa hizo na humezwa kwa siku 28, na kinga ya mimba ya dharura hufanya kazi hadi siku ya tano, ingawa nguvu yake hupungua kadiri unavyochelewa. Kwa Tanzania, fomu ya PF3, ya kuombea uchunguzi wa daktari, hutolewa polisi, ambako vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Vituo vya mkono kwa mkono huweka daktari, mshauri na polisi mahali pamoja ili mtu asilazimike kusimulia mkasa wake kwenye madirisha manne. Nchini Rwanda vituo vya aina hiyo huitwa Isange, na nchini Kenya namba 1195 hupokea simu za ukatili wa kijinsia bila malipo.

Ikiwa tukio ni la zamani, bado mwanzo mzuri ni uchunguzi wa mwili. Maumivu wakati wa tendo yanaweza kutokana na maambukizi ya muda mrefu katika via vya uzazi, makovu, madhara ya ukeketaji, au fistula (tundu kati ya uke na kibofu au utumbo), na hakuna mazungumzo yatakayoponya maambukizi. Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, Kongo, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imejengwa juu ya wazo hilihili: upasuaji, ushauri nasaha, msaada wa kisheria na riziki vyote hufanywa pamoja, kwa kuwa kimoja kikikosekana vingine hulegea. Unapokwenda kupimwa una haki ya kuomba daktari wa kike, ya kuingia na mtu unayemwamini, ya kuelezwa kila hatua kabla haijafanyika, na ya kusema basi katikati ya kipimo. Liseme mapema, kabla hujapanda kitandani, kwa sentensi moja tu: "Niliwahi kuumizwa, naomba uniambie kabla ya kunigusa." Huna wajibu wa kuongeza neno.

Taja pia dawa unazomeza. Dawa za sonona kama fluoksetini na setralini huwasaidia wengi wenye kiwewe, yaani jeraha la nafsi linalobaki baada ya tukio la kutisha, lakini hupunguza hamu au huchelewesha kufika kileleni kwa baadhi ya watu. Mtu asiyejua hilo hudhani kiwewe kimezidi. Usiache dawa mwenyewe. Mwambie daktari, naye anaweza kubadilisha kipimo au aina.

Swali la usalama ndilo gumu kuliko haya yote. Je, mtu unayeishi naye sasa hukulazimisha, hukutisha, au hukununia siku tatu ukikataa? Kama ndivyo, mazoezi ya wawili yanayoelezwa hapa chini si yako bado, na mshauri mwangalifu hatawaketisha pamoja, kwa sababu yale utakayoyasema mbele ya mwenza wako unaweza kuyalipia nyumbani. Sheria zetu zina pengo hapa: nchini Tanzania, sheria humhesabu mke kuwa amebakwa na mumewe pale tu wanapokuwa wametengana, na nchini Kenya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inawaacha nje wanandoa katika kifungu kinachofafanua vitendo visivyo halali vya kukusudia. Mwili hausomi sheria, nao hurekodi kulazimishwa kama kulazimishwa. Katika hali hiyo kazi ya kwanza ya tiba ni kukusaidia wewe peke yako kupanga usalama wako.

Kumpata mtaalamu

Wataalamu waliosomea tiba ya matatizo ya tendo la ndoa ni wachache mno katika nchi zetu, na ukingoja kumpata mmoja mwenye ujuzi wote unaweza kungoja sana. Njia inayowezekana ni kuunganisha watu watatu: mwanasaikolojia wa tiba mwenye uzoefu wa kiwewe, daktari wa magonjwa ya wanawake au wa njia ya mkojo kwa wanaume, na inapohitajika mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya misuli na viungo kwa mazoezi) anayejua misuli ya nyonga. Hospitali kubwa zenye idara za afya ya akili, kama Muhimbili jijini Dar es Salaam, Mathari jijini Nairobi na Butabika jijini Kampala, ni mahali pazuri pa kuulizia. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014 inayodai wasajiliwe, kwa hiyo kuuliza usajili si utovu wa adabu. Waswahili walioko Muscat, London au Minneapolis wakihitaji mkalimani, wasikubali awe ndugu, jirani au mtu wa msikiti uleule. Ni heri mkalimani wa simu asiyewajua.

Katika kikao cha kwanza, muulize: amewahi kuwatibu manusura wangapi, hutumia njia gani, siri ina mipaka gani, na itakuwaje nikisema sitaki kulizungumza jambo fulani leo. Sikiliza zaidi namna anavyolipokea swali la mwisho. Akikuuliza ulivaa nini, au akikuambia umsamehe aliyekuumiza kabla hujamaliza sentensi, shukuru na uondoke.

Liko jambo moja lisilo na mjadala. Tiba ya matatizo ya faragha hufanyika kwa mazungumzo. Mazoezi ya mguso hufanywa nyumbani, na wewe mwenyewe au na mwenza wako, kamwe si na mshauri wala mbele yake. Daktari na mtaalamu wa fiziotherapia huweza kupima sehemu za siri kwa sababu ya kitabibu, kwa idhini yako, na mhudumu mwingine akiwapo ukimtaka. Mtu yeyote mwingine anayejiita mtaalamu na kukuambia uvue nguo, au kwamba yeye atakufundisha mguso salama, anakudhulumu upya.

Kujifunza kurudi hapa ulipo

Kabla ya kugusa kumbukumbu, mshauri hukufundisha namna ya kujirudisha pale mwili unapokimbilia zamani. Stadi hizi zinaonekana ndogo, na wengi huzidharau mpaka siku zinapowafaa. Kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili na uhisi ubaridi wake. Taja kwa sauti tarehe ya leo, mtaa unaoishi na umri wako. Umri hasa, kwa sababu hofu humrudisha mtu kwenye umri aliokuwa nao siku ile. Tazama vitu vitano chumbani na uvitaje majina. Shika kitu cha baridi. Toa pumzi taratibu, iwe ndefu kuliko ile uliyoivuta.

Harufu hufanya kazi kwa kasi zaidi, kwa wema na kwa ubaya. Chagua moja isiyohusiana kwa namna yoyote na tukio, karafuu, mchaichai au sabuni fulani, uinuse kila siku ukiwa umetulia, kisha uiweke karibu na kitanda. Tahadhari na udi na asumini: vimefungamana mno na chumba cha arusi, na kwa baadhi ya manusura ndivyo vikumbusho vyenyewe.

Fanya mazoezi haya mchana, ukiwa salama, kwa wiki kadhaa. Mtu hajifunzi kuogelea siku mashua inapozama.

Kukishughulikia kiwewe chenyewe

Zipo tiba kadhaa za kiwewe zilizofanyiwa utafiti wa kutosha. Moja huchambua mawazo yaliyoganda, kama "nilijitakia kwa kupanda gari lake" au "mwili wangu ni uchafu", na kumwongoza mtu kuyapima kama hakimu anavyopima ushahidi. Ilitengenezwa na Patricia Resick nchini Marekani hasa kwa ajili ya waliobakwa, na kwa kawaida huchukua vikao 12. Nyingine humwongoza mtu kulisimulia tukio kwa kurudiarudia katika mazingira salama mpaka hofu ipungue. Ya tatu, iliyoanzishwa na Francine Shapiro mwishoni mwa miaka ya 1980, humfanya mtu akumbuke huku macho yakifuata kitu kinachokwenda kushoto na kulia.

Wapo wanaosema tiba hizi ni za wazungu wenye viti vya ngozi na saa za kulipia. Ile ya kuchambua mawazo ilijaribiwa katika vijiji vya Kivu, mashariki ya Kongo, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013: wanawake manusura 157 walipata kikao kimoja cha mtu binafsi na vikao 11 vya kikundi, vikiongozwa na wasaidizi wa kijamii Wakongomani waliofunzwa, huku wengine 248 wakipata ushauri wa kawaida. Wengi hawakujua kusoma na kuandika, vita havikuwa vimekwisha, na bado waliopata tiba hiyo walipata nafuu kubwa zaidi, na nafuu hiyo ilikuwapo bado miezi sita baadaye. Kilichobadilishwa ni kwamba mazoezi ya kuandika yaligeuzwa kuwa ya kukariri na kusema kwa mdomo.

Watu hupenda kutaja methali ya mficha uchi hazai wanapomsukuma manusura aseme yote. Katika tiba ya kuchambua mawazo si lazima tukio lisimuliwe kwa kina. Yanayochambuliwa ni mawazo yaliyobaki. Unaweza kupona bila kumwambia mtu yeyote kila kilichotokea, na mwenza wako hana deni la maelezo anayokudai.

Hata hivyo, tiba hizi zilitengenezwa kupunguza jinamizi, hofu na kukwepa, na wengi wanaozimaliza hulala vizuri, hupanda daladala bila kutetemeka, lakini chumbani hali ni ileile. Hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani tiba imeshindwa. Haikushindwa, mguso ni somo la peke yake, nalo lina mafunzo yake.

Kujifunza mguso upya

Msingi wa mafunzo haya uliwekwa na William Masters na Virginia Johnson mjini St. Louis, Marekani, katika miaka ya 1960, kwa ajili ya wanandoa wenye matatizo ya tendo la ndoa. Baadaye wataalamu wa kiwewe waliyarekebisha ili manusura ashike usukani.

Hatua ya kwanza ni kupumzisha tendo la ndoa kwa makubaliano. Si "tutaona", bali kipindi kinachojulikana, kwa mfano wiki sita au nane, ambamo halitafanyika hata kama manusura mwenyewe atahisi kwamba anaweza. Wanaume wengi hushtuka hapa, na wanawake wengi huona haya kuliomba. Lakini ndoa zetu zinajua vipindi vya kujizuia: mchana wa Ramadhani, Kwaresima kwa baadhi ya Wakristo, na arobaini ya uzazi, ambapo hakuna mwenye akili timamu anayemwita mama aliyejifungua mke mkaidi. Mweleze mwenza wako hivyo. Mwili ulioumizwa nao una arobaini yake, tofauti ni kwamba hii haina idadi ya siku iliyoandikwa. Ikiwa mume anashika dini na anasitasita, shehe au mchungaji mwenye hekima anaweza kusaidia kwa kusema wazi kwamba kujizuia kwa ajili ya matibabu si dhambi. Mtafuteni mapema, bila kumpa habari za tukio.

Faida ya mapumziko huonekana haraka. Kabla yake, kila mguso ulikuwa hodi ya jambo kubwa: akikushika mkono jioni, tayari unahesabu saa. Tendo likishaondolewa, mkono hubaki kuwa mkono.

Kisha yafuate mazoezi ya hapana. Mwenza anaomba jambo dogo, naye manusura anakataa bila kutoa sababu, na mwenza hujibu "sawa, asante." Naomba nikusuke nywele. Hapana. Sawa, asante. Mnaweza kucheka mara za kwanza, na kucheka hakudhuru. Yafanyeni kwa dakika tano, mara tatu au nne kwa wiki. Baada ya muda manusura huanza kuona kwamba hapana haileti hasira, kununa wala adhabu, na mwenza hujifunza kuipokea bila kujiona amekataliwa yeye mzima. Mwenza anayeshindwa zoezi hili hayuko tayari kwa linalofuata, na ni vizuri kulijua hapa kuliko mbele.

Wakati huohuo manusura hufanya kazi yake peke yake, kwa kuwa wengi wamekuwa wakiuosha mwili wao kama wanaosuuza sufuria ya mtu mwingine. Oga polepole mara moja kwa wiki. Paka mafuta mikono na miguu ukitambua yanavyohisi: vuguvugu, ukavu, uzito. Lengo ni kuhisi tu. Si lazima upende. Ukijikuta umeondoka, simama, kanyaga sakafu, taja tarehe.

Mguso wa wawili huanza na nguo zote mwilini, taa ikiwa imewashwa, mlango ukiwa hauna komeo kama komeo ni kikumbusho, na watoto wamelala. Wekeni saa ya dakika 10 au 15. Manusura ndiye anayegusa kwanza: mkono wa mwenza, kiganja, kiwiko. Baadaye, siku nyingine, ndipo huguswa yeye, pale anapopachagua, kwa namna anayoieleza. Maziwa na sehemu za siri hazimo kabisa katika hatua hii. Kubalianeni maneno matatu: endelea, polepole, basi. Neno basi husimamisha kila kitu mara moja, bila "kwa nini", bila kuugulia, bila kugeukia ukutani. Mwisho wa zoezi kila mmoja aseme jambo moja alilolihisi, kisha mwende mkanywe chai.

Rudieni hatua moja mpaka ichoshe. Hicho ndicho kipimo ninachokipendelea: mwili unapopiga miayo mahali ulipokuwa ukitetemeka, hatua imekwisha. Kwa mmoja ni wiki mbili, kwa mwingine ni miezi mitatu. Kutoka hapo mnapanda pole: mgongo, miguu, kukumbatiana mmelala ubavu, kisha nguo chache zaidi, na sehemu zilizoachwa huingizwa mwishoni, kila moja ikiwa na haki ileile ya neno basi. Tendo lenyewe likirudi, manusura achague mkao usiombana wala kumziba pumzi, aongoze yeye kasi yake, na awe huru kuliacha katikati. Mwenye maumivu ya misuli ya nyonga asiruke mazoezi ya fiziotherapia ya kuipumzisha misuli, ambayo kwa wanawake huweza kuhusisha vifaa laini vinavyoongezwa ukubwa taratibu na kutumiwa na mwenyewe. Maumivu yanapotokea, simamisheni. Kila tendo la maumivu hufundisha misuli kukaza zaidi.

Kumbukumbu ikivamia katikati, mwenza aondoe mikono, asogee pembeni bila kutoka chumbani, aseme kwa sauti ya kawaida: "Ni mimi. Uko nyumbani kwetu. Leo ni Jumanne. Hakuna kitakachofanyika." Asimkumbatie mpaka aombwe. Msirudie zoezi usiku huo. Kesho yake, mkiwa mmevaa na mmetulia, tafuteni kikumbusho kilikuwa nini. Mara nyingi ni kitu kinachoondoleka, kama manukato ya kunyolea au shuka lililofunika uso.

Kwa mwenza, na kwa asiye na mwenza

Mwenza ana huzuni yake pia, na asipoipatia mahali itamwagikia kwa manusura. Atafute mshauri wake au rafiki mmoja anayejua kunyamaza. Asiulize maelezo ya tukio, asihesabu siku zilizopita, asiape kwenda kumwua mhalifu; kiapo hicho humlazimisha manusura kuanza kumtuliza yeye. Makungwi na masomo, ambao kwa desturi humfunda mwari namna ya kumfurahisha mume, wanaweza kuwa msaada mkubwa katika jambo hili wakikubali kuongeza somo moja katika mafunzo yao: kwamba mke naye hukataa, na kukataa kwake husikilizwa. Nimesikia makungwi wanaolifundisha tayari. Ni wachache.

Asiye na mwenza anaweza kufanya karibu kazi yote peke yake: stadi za kujirudisha, tiba ya kiwewe, kuuzoea mwili. Akipata mchumba, hana wajibu wa kumweleza siku ya kwanza wala kabla ya posa. Inatosha kusema anahitaji kwenda polepole na kutazama yule mtu anafanya nini na neno hilo.

Siku zitakazorudi nyuma

Hali hurudi nyuma katika nyakati zinazoweza kutabirika: tarehe ya tukio, wito wa mahakamani, habari za ubakaji zikitawala redio, msiba, ujauzito. Ziandike mapema na mpumzishe mazoezi kwa wiki hiyo. Yakija mawazo ya kujiua, au ukianza kunywa pombe ili uweze kuguswa, usingoje kikao kijacho; mpigie mshauri au nenda idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo.

Ujauzito unastahili neno la ziada, kwa kuwa wanawake waliokwisha kupona faragha zao hushtukizwa na chumba cha kujifungulia: kulala chali, kupimwa na watu wasiowajua, kuambiwa "tanua" kwa ukali. Zungumza na mkunga kliniki, mapema, kabla ya mwezi wa nane. Omba aandike kwenye kadi yako kwamba utaelezwa kabla ya kila kipimo, kwamba vipimo vya njia ya uzazi vipunguzwe hadi vile vya lazima, na jina la mtu utakayemtaka awe nawe, pale kituo kinaporuhusu. Siku ya uchungu ikifika, mpe mtu huyo kadi ashike yeye, na umfundishe mapema ile sentensi ya tarehe na mahali, ili akuambie wewe ukishindwa kujiambia.